Ukitaka lori la zamani, anza na kazi yake

Watu wakiliona Bedford langu limeegeshwa pale soko la Mbuyuni, Moshi, huuliza bei kwanza, kisha kama ninaweza kuwatafutia na wao la kwao. Nami huwauliza: litafanya kazi gani? Asiye na jibu namshauri abaki na hela zake.

Bedford TJ, lile lenye pua ndefu, lilianza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1958. Langu linashusha ndizi kutoka Kibosho, mlimani, na kupandisha samadi na mchanga. Safari ni fupi, mzigo ni wa wastani, na likikorofisha, fundi anafika kwa bodaboda. Kwa kazi hiyo linanilipa vizuri. Ningelipangia safari za Dar es Salaam kila wiki, faida yote ingeishia kwenye mafuta na spea.

Ukitazama na nchi za wenzetu utaona hivyo hivyo. Pakistani wanayapenda mno haya ya Bedford. Yaliunganishwa Karachi kwa miaka mingi, kwa hiyo spea na mafundi wanaoyajua vilibaki mitaani. Wanayavalisha taji la mbao juu ya kebini na kuyachora maua, ndege na mashairi mpaka mlango wa nyuma. Yangon, kule Myanmar, malori ya jeshi ya Chevrolet yaliyotengenezwa Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia yaligeuzwa mabasi, yakabeba abiria wa mjini mpaka karne hii. Unguja nako walijenga bodi za mbao juu ya chesisi za malori, abiria wakakaa kwenye mabenchi.

Linalonigusa zaidi ni lori la Fiat 682. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipojitangazia uhuru wa nchi hiyo, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta iliyopita huko, ikabidi shehena ipitie Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope iliyopachikwa jina la njia ya jehanamu. Fiat zilikuwa miongoni mwa malori yaliyoipiga njia ile, na mafuta yaliendelea kwenda kwa barabara mpaka bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, lilipoanza kazi mwaka 1968. Gari kama lile halina kompyuta hata moja. Likizima porini, dereva na taniboi wake wanaweza kulifungua wenyewe. Sifa hiyo ndiyo unayoinunua leo, kwa hiyo hakikisha haijaharibiwa na mikono ya watu.

Nenda ukalione asubuhi, na muuzaji usimpe nafasi ya kuliwasha kabla hujafika. Gusa injini, ukiikuta ya moto, rudi siku nyingine. Lori bovu likishapashwa moto huwaka kwa urahisi, likakuficha ugonjwa wake. Injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Ikipumua moshi kwa nguvu, ringi zimekwisha au silinda imelika, na hapo unazungumzia oveholi.

Halafu ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gongagonga chesisi pale vinapofungwa vishikio vya springi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito, na magamba hudondoka. Tafuta pia alama za kuchomelea zilizofichwa na rangi mpya. Rangi, viti na bodi vinatengenezeka hapa hapa mjini kwa fedha ya kawaida, lakini chesisi iliyopinda au kuoza mimi sinunui hata nikipunguziwa nusu.

Muulize fundi wako kama ana spana za inchi. Malori ya zamani ya Kiingereza yalifungwa kwa nati za vipimo hivyo, na anayelazimisha spana za milimita anazila kona, mwishowe zinakatwa kwa patasi. Ukiona nati nyingi zimeshakuwa duara, jua limepita mikono mibaya. Bushi na pini zisizopatikana dukani zinachongeshwa kwa mafundi wa mashine. Peleka ile ya zamani iwe kipimo, usiitupe kamwe.

Kama injini ni ya petroli na ni ya asili, kumbuka iliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda siti za valvu. Siku utakayofungua silinda hedi, weka siti ngumu. Wengi hufunga injini ya dizeli, jambo ambalo silipingi, ila badiliko hilo liandikishwe TRA, mamlaka ya mapato. Linganisha namba ya chesisi na kadi kwa macho yako mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Kama huna mzigo wa kubeba, bado kuna kazi. Ufaransa, kigari cha Citroën H cha mabati yenye mikunjo, kilichotengenezwa kuanzia 1947 hadi 1981, sasa kinauza kahawa na vyakula. Arusha yenye wageni wengi hivi, lori zuri lililoegeshwa mahali pamoja linaweza kuwa mgahawa, na hapo hutahangaika sana na giaboksi.

Lakini likitembea milimani, breki ndizo za kwanza kutumia fedha yako. Nyingi za malori haya zina breki za mafuta zinazosaidiwa na hewa inayofyonzwa na injini, na injini ikizima kwenye mteremko pedali inakuwa nzito kama jiwe. Kutoka Kibosho na mzigo, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, shuka nayo hadi chini, na kigingi cha kuzuia tairi kikae kwa taniboi, si chini ya mzigo.