Twenty ya 1924 ilivyonichemkia Porlock

Wiki mbili zilizopita nilikwama Porlock, kule Somerset, nikiwa na Rolls-Royce Twenty ya 1924 ya mteja. Pale penye mwinuko mkali kabisa, kila mita nne unapanda moja. Rejeta ikaanza kupiga mluzi, mvuke ukatanda kwenye kioo, na mzee mwenye gari akashuka bila kusema neno. Ukimya ule unanichoma hadi leo.

Niwe mkweli: nilijiamini kupita kiasi. Magari ya kale nimeyashika miaka kumi na moja huku Uingereza, na kabla ya hapo nilikuwa Mombasa nikifungua Bedford za mizigo. Twenty hii niliibadilishia moyo wa rejeta, nikafungua pampu ya maji, nikaweka mkanda mpya wa feni. Nikamwahidi mzee kwamba tutapanda bila shida. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda na njia za maji, sikuigusa.

Kurudi gereji nikafungua kifuniko cha maji ubavuni mwa injini. Kule nyuma, kwenye silinda ya tano na ya sita, tope la kutu limeganda kama ukoko wa wali. Nilikwangua kwa waya na mpini wa kijiko tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nikajaza kopo zima la maziwa ya unga. Maji hayakuwa yakifika huko kabisa. Rejeta mpya ingesaidia nini?

Basi safisha bloku kwanza. Halafu angalia wenzo wa moto pale kwenye usukani, ule unaowahisha au kuchelewesha cheche za plagi, maana wengi wanauacha nyuma: moto ukichelewa, injini inachemka na ekzosi inawaka nyekundu. Lakini kwanza bloku.

Nayasema haya kwa sababu kuna kijana kaniandikia juzi, anataka kufunga breki za mbele kwenye Twenty kama hii. Namwelewa, sote tunataka gari la mteja lisimame vizuri. Twenty za mwanzo zilitoka na breki za nyuma tu. Za mbele zilikuja 1925, na sevo, yaani kifaa cha kuongezea breki nguvu, inayozungushwa na giaboksi, wakati kampuni ya magari ya Hispano-Suiza walishaonyesha sevo yao kwenye gari lao la H6 tangu 1919. Mdogo wangu, hilo si suala la kufunga drum mbili tu. Ekseli ya mbele ya zamani iliundwa kubeba uzito. Ukiifunga breki unaisokota, na springi na usukani vinapokea nguvu ambayo havikuundiwa.

Siku ile tulishuka Porlock kwa gia ya kwanza, harufu ya laini za breki zinazoungua imejaa garini. Nami nikawaza kama wewe, kwamba gari hili linataka breki za mbele. Nilipovua drum ya kushoto nikakuta oili ya difu imelowesha laini yote. Sili moja tu ya kuzuia oili imekufa! Nikabadilisha sili na laini, nikakaza pini zilizolegea za fito zinazovuta breki, na sasa linasimama.

Mteja asikuharakishe, na wewe usikimbilie kununua vifaa vya kuongeza. Vua drum zote mbili za nyuma, fungua na kile kifuniko cha ubavuni, kisha nitumie picha ya utakachokikuta. Breki za mbele tutazizungumza baada ya hapo.