Nilitolewa kwenye MRI dakika ya nne, nikarudi

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Tanga. Ameandikiwa MRI ya mgongo, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku ukiwa umelazwa ndani ya bomba; kipimo ni Alhamisi, na hajapata usingizi tangu shemeji yake amwambie kwamba mle ndani "unafukiwa kama maiti". Niliusoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, nikayabeba mpaka ndani ya mashine.

Mgongo wangu ulinikamata mwaka juzi nikiwa ubaoni, mbele ya darasa la sita. Chaki ilidondoka, nikainama kuiokota, sikuinuka. Maumivu yalishuka paja la kushoto mpaka kidole gumba cha mguu, na usiku nikawa nalala nimekaa. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa; diski, yaani vile vito laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, na mishipa ya fahamu hazionekani humo. Daktari akaniandikia MRI, nikapanda basi kutoka Morogoro kwenda Dar.

Siku ile sikuuliza kitu wala sikuelezwa kitu. Nilivalishwa gauni, nikalazwa chali, kitanda kikaanza kuteleza, kichwa kikitangulia. Nikafumbua macho. Dari ya lile bomba ilikuwa kama shubiri moja tu kutoka puani, nyeupe tupu. Mara ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama fundi anayepigilia bati juu ya kichwa changu. Mkononi nilikuwa nimepewa kimpira cha kuminya ukizidiwa. Nilikiminya kwa nguvu zangu zote. Nikatolewa.

Kijana wa mashine akasema, mlango ukiwa wazi na wagonjwa wenzangu wako kwenye benchi: "Mama mzima unaogopa kitanda?"

Inaniuma mpaka leo ninapoandika. Nilirudi nyumbani bila picha, nikakaa miezi mitatu nikijichua kwa dawa za dukani na kuwadanganya watu kwamba majibu bado.

Hospitali ya pili nilikwenda na neno moja mdomoni: naogopa. Nililisema mapokezi, nikalirudia kwa mtaalamu wa mionzi, mama wa makamo. Hakushangaa hata kidogo. Akasema kwa picha ya kiuno anaweza kuniingiza miguu kwanza, kichwa kibaki karibu na mlango wa bomba. Akanifunika macho kwa kitambaa kabla kitanda hakijasogea. Akaniwekea vizibo masikioni, akaniambia nisikunje mikono wala kukutanisha miguu, na kila baada ya mlio mmoja akanisemesha kwenye spika: "Huu ni wa dakika nne, mwalimu. Usitikisike." Mimi nikaanza jedwali la mbili kimoyomoyo. Nilipomaliza la kumi na mbili nikarudi mwanzo. Dakika ishirini na tano zikapita, nikatoka na miguu yangu, na nilijivunia siku ile kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Kwa hiyo sema. Usijikaze kiume wala kike. Kuogopa mahali pa kubana ni jambo la kawaida, na wahudumu wana njia zake, ikiwemo dawa ya kutuliza kwa anayezidiwa, lakini ni lazima wajue kabla hujalala pale.

Jambo la pili ni chuma, na hapa sibembelezi mtu. Mle hamna mionzi ya eksirei. Kinachofanya kazi ni sumaku, na sumaku hiyo haizimwi hata asipokuwepo mgonjwa. Mashine nyingi zina nguvu ya Tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia tunayoikanyaga. Vua herini, cheni, kikuku, pini za mtandio, sidiria yenye waya, hata hirizi kama ina kifuko cha chuma. Wigi lenye vibanio na rasta zenye nyuzi za kumetameta viache nyumbani. Kisha taja vilivyo ndani ya mwili: betri ya moyo, klipu ya mshipa wa kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kitanzi cha uzazi wa mpango, vyuma vya mguu ulivyofungwa baada ya ajali ya bodaboda. Vingi katika hivyo havikuzuii, vingine vinaweza kukuua, na wa kuamua ni wao. Fundi wa kuchomelea aseme kama aliwahi kurukiwa na cheche za chuma jichoni. Mwenye mimba aseme. Ukiambiwa utachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, taja figo zako kama zina shida na mzio ulio nao; dawa ikiingia unaweza kuhisi ubaridi ukipanda mkononi.

Na usimkodolee macho mpiga picha ukitafuta majibu usoni mwake. Picha husomwa na daktari wa radiolojia, na aliyekutuma ndiye atakayekueleza. Mimi ilikuwa diski iliyotokeza kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Jambo lenye jina, lenye mazoezi yake, na miezi mitatu niliyoipoteza kwa aibu hakuna atakayenirudishia.

Dada wa Tanga, Jumatano jioni fumua hizo nywele. Kula kama kawaida, isipokuwa wamekukataza. Beba soksi zisizo na nyuzi za kumetameta, kile chumba kina baridi. Ukifika dirishani, kabla hujatoa karatasi ya daktari, sema: "Naogopa kubanwa, naomba niingie miguu kwanza." Ukitoka niandikie, hata iwe usiku wa manane.