Laptopu inarikava taratibu wakati umechomeka waya? Angalia namba kwanza

Wadau, hili jambo naona linatesa watu wengi bila sababu. Mtu kachomeka waya wa neti kwenye laptopu, anarudisha Windows kutoka kwenye seva ya ofisi au anaivuta toka intaneti, anategemea mzigo utakimbia maana wifi ameachana nayo, afu asilimia zinaganda palepale nusu saa nzima. Kinachofuata hapo anazima, anaanza upya, anabadilisha flashi, mwisho anaambiwa na mtu laptopu imekufa. Mimi kazi yangu ni kupiga Windows kwenye laptopu za maofisi na mashule, na vijana ninaofanya nao nawaambia kitu kimoja kila siku: kabla hujagusa chochote angalia mzigo unapita kwa spidi gani, ile namba yenyewe inakuonyesha pa kwenda kutafuta.

Na namba ya kuikariri ni 11. Ukiona spidi imetulia kwenye MB 11 kwa sekunde, haipandi haishuki, basi karibu kila mara ujue waya wako umekubaliana na swichi, kile kiboksi kinachogawa neti kwa waya, kwa megabiti 100 badala ya gigabiti moja. Megabiti 100 ukigawa kwa 8 unapata MB 12.5, toa ule mzigo wa vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazosafiri pamoja na data, unabaki na 11 na kitu. Kwenye gigabiti ungekuwa unaona karibu 110. Sasa piga hesabu, una nakala ya mfumo ya GB 20, kwa gigabiti ni kama dakika 3 kama diski inaweza kumeza, kwa megabiti 100 inakaribia nusu saa, na ikishuka mpaka megabiti 10, hii nayo hutokea, unaongelea masaa manne na zaidi. Laptopu ileile, seva ileile. Wanaotumia Clonezilla, ile programu ya kunakili diski nzima, yenyewe inaandika spidi kwa dakika sio kwa sekunde, kwa hiyo ukiona kama GB 0.66 kwa dakika ndo hiyohiyo 11.

Kwa nini inashuka? Hapa ndo pana utamu. Waya wa neti una nyuzi 8 ndani, megabiti 100 inatumia nyuzi 4 tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6, lakini gigabiti inazitaka zote 8. Kwa hiyo uzi wa bluu au wa kahawia ukikatika au ukibanwa vibaya, neti bado inashika, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana kizima ila spidi imeporomoka, na hakuna ujumbe wowote wa kukwambia. Ofisi moja tuliyokuwa tunairudishia laptopu, kila iliyokaa kwenye meza ya dirishani ilikuwa inajikokota, zingine zinamaliza fasta. Nikachomoa ule waya nikautazama kichwa chake kwa mbele, pale kwenye plastiki inayopitisha mwanga, nyuzi saba ncha zake zinang'aa zimegusa mwisho kabisa, ya kahawia imeishia njiani, haijafika kwenye pini. Tukakata kichwa, tukabana kipya, mchezo ukaisha. Kwa hiyo jaribu waya mwingine unaoujua ni mzima KABLA ya kitu kingine chochote, na ukinunua waya angalia iwe Cat5e kwenda juu na iwe shaba tupu, zile za alumini iliyopakwa shaba ni bei rahisi ila zinakatika ovyo ndani ya kichwa.

Kuhakikisha ni rahisi tu. Kama Windows bado inawaka fungua PowerShell andika Get-NetAdapter, angalia safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux ni ethtool ukifuatisha na jina la kadi. Kama laptopu iko katikati ya rikava huwezi kuandika kitu, nenda kwenye swichi angalia taa, swichi nyingi zina rangi tofauti ya gigabiti na ya 100, maana yake imeandikwa palepale kwenye boksi.

Siku hizi laptopu nyembamba hazina tundu la neti, mnatumia adapta za USB. Adapta nyingi za bei ya chini mwisho wake ni megabiti 100 hata uipe waya wa dhahabu. Na hata ile ya gigabiti ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 utaishia MB 30 au 40 hivi. Ihamishie tundu la USB 3.

Ile 11 inaweza kukudanganya sehemu moja tu, ukirudisha laptopu kumi kwa pamoja kutoka seva moja yenye poti ya gigabiti, kila moja inapata fungu lake ambalo ni hilohilo 11, hapo waya hauna kosa. Na kama unatuma kwa multicast, yaani seva inatuma mara moja laptopu zote zinapokea pamoja, jua laptopu moja ya taratibu inawavuta wote nyuma, itoe uifanye peke yake.

Spidi inayopanda na kushuka ni habari nyingine kabisa. Inakimbia, inaganda, inakimbia tena, hapo mimi naenda moja kwa moja kwenye diski, hasa zile za kuzunguka. Angalia SMART, ile ripoti ya afya ya diski yenyewe, ukikuta sekta zinazosubiri kuhamishwa acha rikava, badilisha diski kwanza maana hata ikimaliza, Windows yako itakaa juu ya kitu kinachokufa.

Kama unaiwasha laptopu kutoka kwenye seva na inaganda mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuanza kunakili, mara nyingi tatizo ni TFTP, ile njia ya kutuma faili za kuwashia kupitia neti. Kwa kawaida inatuma baiti 512 inasubiri ijibiwe ndo itume zingine, faili la megabaiti mia kadhaa linachukua muda wee. Pandisha ukubwa wa bloku, yaani kile kipande kinachotumwa kwa mara moja, kwenye seva, 1456 inapita vizuri kwenye neti ya kawaida, au tumia iPXE, programu ya kuwashia laptopu kwa neti, uvute kwa HTTP kama kurasa za mtandao.

Na wanaovuta toka intaneti, ile ya Windows ya kupakua toka mtandaoni ni kama GB 4. Kama laini yenu ni megabiti 5 hiyo ni karibu masaa mawili, na waya hauwezi kuiongeza hata kidogo. Iache usiku wakati ofisi haina mtu, chaja imechomekwa, betri imejaa, na ruta iko kwenye UPS, maana bila UPS umeme ukikatika laptopu itabaki hai lakini kupakua kutakatika.