Maswali na majibu: Jicho la mnyama likiingia ukungu

Jicho moja la ng'ombe wangu limepata doa jeupe katikati, machozi yanamtiririka na akitoka juani analifumba. Jirani anasema nimtie chumvi.

Chumvi achana nayo, utamwongezea maumivu tu. Huenda ni ugonjwa wa macho mekundu, ule wa bakteria aitwaye Moraxella bovis anayebebwa na inzi. Ila kabla hujamlaumu inzi, mfunge kichwa vizuri, funua kope na uchungulie hadi nyuma ya kope la tatu, pale kwenye kona ya ndani. Kapi la nyasi hupenda kujificha hapo likikwaruza kila anapopepesa, na wakati mwingine utaona minyoo myeupe, myembamba, inajinyonganyonga. Ukikosa vyote viwili, mtenge na wenzake, mweke kivulini, umwite daktari wa mifugo aanze antibayotiki mapema. Weupe ukiwa macho yote mawili, umeanzia ukingoni kuelekea katikati, na mnyama ana homa kali na makamasi mazito, hilo si la macho peke yake. Kuna homa ya virusi inayotoka kwa kondoo au nyumbu, na huua.

Mbwa wangu ni mzee, mboni zimekuwa za kijivu. Ni mtoto wa jicho?

Si lazima. Lenzi hukakamaa kwa uzee na mbwa akaendelea kuona vizuri tu. Mmulike kwa tochi gizani: mwanga ukirudi kutoka ndani ya jicho, yaelekea ni uzee; ukizuiwa na weupe, ni mtoto wa jicho. Ukitokea ghafla kwa mbwa anayekunywa maji na kukojoa kupita kiasi, apimwe sukari.

Nina matone yaliyobaki mwaka jana. Nimtie paka?

Hapana. Yakiwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ina kidonda, jicho linaweza kutoboka. Daktari hudondosha kwanza rangi ya fluoresini. Penye kidonda pananata kijani. Ni kipimo cha dakika chache, sioni sababu ya kubahatisha.

Ni ukungu gani usiosubiri kesho?

Jicho jekundu, limetuna, mboni imepanuka na haisinyai ukiimulika. Hiyo ni presha ya jicho, na upofu unaweza kuingia ndani ya siku moja au mbili. Usilibonyeze kupima ugumu.