Mstari wa muda unaojaa upande mmoja: tatizo ni skeli

Mkuu, umesema mstari wako wa historia ya pwani wa kubandika darasani, kuanzia msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, hadi kuzaliwa kwa CCM, uko mtupu mwanzoni halafu miaka ya sitini imebanana haisomeki. Kupunguza mwandiko hakutasaidia.

Chukua manila mbili za A1 (sm 84 kwa 59), kata kila moja katikati kwa urefu, upate vipande vinne. Unganisha vitatu, kila kiungo kipandane sm 2: unapata sm 248. Selotepu ikae nyuma, maana wino wa maka peni haushiki juu yake. Anza 1100, ishia 2000, sm 1 iwe miaka 4. Mstari utakuwa sm 225.

Kupata mahali pa tukio, toa 1100 kwenye mwaka, kisha gawa kwa 4. Ibn Battuta kufika Kilwa 1331 ni sm 57.75, Vasco da Gama 1498 ni 99.5, Waomani kuiteka Ngome ya Yesu 1698 ni 149.5. Pima kila tukio kutoka mwanzo wa mstari. Ukipima kutoka tukio lililotangulia, makosa matano tu ya milimita 2 yanakula miaka minne. Na pengo la kabla ya 1498 liache jinsi lilivyo. Ukilibana, wanafunzi wataona karne nne kama juzi na jana.

Sasa miaka ya sitini. Kuanzia Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, hadi Muungano, 26 Aprili 1964, kwenye skeli hii ni milimita 6. Hapo hapaandikiki kitu. Weka kisanduku chekundu kati ya 1954 na 1980, kisha kipande cha nne kibandike chini yake kama mstari wa pili, mwaka mmoja sm 3: jumla sm 78, kinaenea. Mwezi ni milimita 2.5, kwa hiyo Mapinduzi ya 12 Januari 1964 bado yanasogeleana na uhuru wa Zanzibar wa 10 Desemba 1963. Moja liandike juu, jingine chini, na vijiti vyake (mistari inayounganisha maandishi na nukta ya tukio) virefushe tofauti.

Kizimkazi ina mtego wake. Maandishi ya msikitini yanataja mwaka 500 wa Hijria. Wengi hujumlisha 622 wakapata 1122, kumbe ni 1107: mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kalenda ya kawaida, na kwa karne tano hizo ni miaka 15.

Tukio lenye muda, mfano Maji Maji 1905–1907, lichoree upau, si nukta. Vivyo hivyo pale vitabu vinapopishana: Seyyid Said, sultani wa Oman, kuhamishia makao Zanzibar, vingine husema 1832, vingine 1840. Chora upau wa sm 2 wenye mistari ya mshazari, uandike miaka yote miwili.