Re: Mchoraji alipwe kwa ukurasa au tugawane mauzo?

Mkuu, hapo kwenye kumlipa mchoraji kwa ukurasa au kugawana mauzo ya katuni yenu: fanya vyote. Mpe chochote kwa kila ukurasa, hata kama ni kidogo, kisha mauzo mgawane. Wewe ukurasa unauandika nusu saa, yeye anaukalia siku mbili: penseli, wino, mpaka maputo ya maneno. Mimi nilimwahidi jamaa wa Mbagala "tutagawana" tu. Aliishia ukurasa wa 9, wala sikumlaumu.

Andikianeni hakimiliki ni ya nani kabla hajachora, halafu mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, maana kitabu cha kubana pini ni karatasi zilizokunjwa katikati. Ukienda kuchapisha Kariakoo, omba nakala moja ya majaribio kwanza. Ule weusi wa kwenye simu unaweza kutoka kijivu.