Siku saba Jojia: hesabu meza kabla ya kilomita

Dada mmoja aliyeko Muscat ametutumia ratiba yake ya siku saba Jojia, nchi ya milima ya Kaukazi: Tbilisi, Kakheti, Kazbegi, Batumi na Mestia. Anauliza kama imekaa sawa. Hapana dada, haijakaa sawa, na kosa hilo ni la wengi. Umehesabu kilomita, hukuhesabu meza.

Tbilisi hadi Telavi, mji mkuu wa Kakheti, ni kama saa mbili kwa njia ya Gombori. Kwenye karatasi unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini ukikaribishwa chakula cha mchana kwenye nyumba inayotengeneza mvinyo wake, karamu hiyo, wanayoiita supra, itakufikisha jioni. Kuna tamada, mshereheshaji wa meza, na yeye ndiye anayetoa maneno ya heri kabla ya kunywa: kwa amani, kwa waliotangulia mbele ya haki, kwa watoto, kwa mgeni. Maneno husikilizwa mpaka mwisho, kisha wote husema "gaumarjos!" na ndipo hunywa. Kupigapiga funda kati ya neno na neno si adabu, na la kwako unalitoa ukishapewa nafasi. Mgeni anayesimama mapema kwa sababu dereva anamsubiri amewakata wenyeji katikati ya jambo wanaloliheshimu sana. Kwa hiyo weka meza moja tu kwa siku, na kesho yake usipange kitu kabla ya saa tano asubuhi.

Ratiba inayobebeka ni hii: shuka Tbilisi, lala, kisha nenda Stepantsminda (ndiyo Kazbegi ya zamani) kwa usiku mmoja. Matatu yao, marshrutka, huondokea Didube. Usiiache safari hii iwe ya mwisho, maana barabara hupita mlima wa Jvari, juu ya mita 2,300, na theluji ikiifunga utakosa ndege. Baada ya hapo kaa Kakheti siku tatu, Telavi au Sighnaghi, halafu malizia Tbilisi. Batumi ni kama saa tano kwa treni kuelekea magharibi, na Mestia ni mbali zaidi. Hizo ziachie safari nyingine.

Msimu nao uuchague kwa kujua unachokifuata. Mavuno ya zabibu, rtveli, huwa Septemba hadi Oktoba. Zabibu hukamuliwa, na kwa mtindo wa Kakheti maji yake hutiwa pamoja na maganda, kokwa na vikonyo kwenye qvevri, mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa ardhini hadi shingoni na kupakwa nta ya nyuki kwa ndani. UNESCO iliuingiza utaalamu huu kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013. Mvinyo unapochacha, maganda hupanda juu, na yasiposukumwa chini mara kadhaa kwa siku hukauka na kuugeuza siki. Ndiyo maana mwenyeji wa Oktoba hana muda wa kukaa nawe. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye rtveli mkasi wa kukatia zabibu unaweza kupewa siku ya kwanza, nawe upokee kwa moyo mmoja. Zabibu nyeupe zikikaa na maganda miezi mitano au sita, mvinyo hutoka na rangi ya kaharabu na ukali kama wa chai ya rangi iliyokolea. Anayetaka kuuonja mtungi unapofunguliwa aje kuanzia mwezi wa nne.

Usiyekunywa, mwambie mwenyeji siku anapokualika, usingoje glasi imeshajaa. Utainua sharubati, au tarkhuna, soda yao ya kijani, na utasikilizwa sawa na wengine. Muislamu aulize nyama: khinkali, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, na mtsvadi, mishikaki yao, aghalabu ni nguruwe. Lobio ya maharage na badrijani, bilinganya zenye njugu za jozi (walnut), hazina nyama.

Sasa makaratasi. Pasipoti ya Tanzania au Kenya inahitaji viza. Hata hivyo Jojia huwapokea bila viza yake, hadi siku 90 ndani ya 180, wenye viza au ukaazi wa nchi kadhaa, za Ghuba zikiwemo. Masharti ya uhai wa kibali hubadilika, hivyo yasome kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kulipia tiketi. Tangu 1 Januari 2026 mgeni lazima awe na bima ya afya na ajali, iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kijojia. Wakati wa kuinunua, hakikisha umechagua nchi, si jimbo la Marekani lenye jina hilohilo. Chapisha bima, hoteli na tiketi ya kurudi. Afisa wa mpakani ana uwezo wa kukurudisha, na simu iliyozima chaji haitakutetea.

Nyumba ya wageni ina bei, mkubaliane mapema pamoja na chakula na mvinyo. Ila ukialikwa kama mgeni, usitoe pesa kabisa. Beba kahawa, majani ya chai, karafuu. Ukinunua maua, yawe matatu au matano, kamwe yasiwe manne wala sita, maana kwao idadi shufwa hupelekwa msibani.